Ufunguo wa Ukumbi

(Mazungumzo mbele ya mkutano mkuu wa wanafunzi wa zamani, Mpanda)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya sanaa na maendeleo. Nilimjibu kwamba katika miaka yangu ya kazi ya utamaduni nimesikia hotuba nyingi zenye jina hilo, na nyingine nimeziandika kwa mkono wangu ili wakubwa wazisome, na sikumbuki hata moja iliyoezeka paa. Akacheka, akaniruhusu nichague jambo dogo zaidi. Nimechagua ufunguo.

Sababu mnaijua. Jioni hii mtaombwa kupiga kura juu ya ukumbi wa shule. Michango imeanza kuingia, ramani imebandikwa pale mlangoni, na kila aliyepita amenyoosha kidole kuonyesha jukwaa litakapokuwa. Ramani ni nzuri. Nimeitazama mara mbili. Ina milango minne, na haionyeshi ni nani atakayeshika ufunguo wa mlango hata mmoja.

Wa rika langu mnakumbuka kwamba sisi hatukuwa na ukumbi. Tulikuwa na bwalo. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, na Jumamosi usiku tulisukuma meza sita hadi ukutani, tukazifunga pamoja kwa kamba, na hilo ndilo likawa jukwaa. Juu ya meza hizo tuliigiza Kinjeketile ya Ndugu Ebrahim Hussein. Mimi nilikuwa askari wa Kijerumani, ingawa rangi yangu mnaiona. Katikati ya mchezo kamba zilikatika, meza mbili zikaachana, na jeshi lote la Wajerumani likaanguka kabla Wamatumbi hawajatugusa. Watu walishangilia sana. Kesho yake mwalimu wa historia alituonya darasani kwamba tusije tukaandika hivyo katika mtihani.

Kutoka kwenye meza zile mimi nilikwenda Bagamoyo. Nilipanda treni hapa Mpanda, nikapita Kaliua na Tabora, na nilipofika pwani miguu ilikuwa imevimba. Nawaambieni vijana habari za Bagamoyo kwa sababu yale yaliyolipata taifa zima katika jambo hili yanaweza kutupata na sisi katika ukumbi wetu mmoja, kwa njia ile ile.

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nchi haikuwa na fedha. Ilikuwa na upungufu wa madaktari, barabara, karibu kila kitu, na bado iliona kwamba utamaduni ni kazi ya Serikali. Katika miaka ile likaundwa Kundi la Ngoma la Taifa, baadaye likaja la sarakasi, ambalo vijana wake walijifunza China, kisha la maigizo. Wachezaji wale walikuwa watumishi wa umma. Walilipwa mshahara kama karani au nesi. Mgeni akija, walikwenda uwanja wa ndege. Sherehe ya taifa ikifika, walikuwa uwanjani.

Baadaye Serikali ikabadili njia. Badala ya kuwa na kundi moja la kuwakilisha taifa, ikaamua kuwa na mahali pa kufundishia. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981. Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa uamuzi mzuri kupita yote ambayo Serikali yetu imewahi kuufanya katika sanaa. Kundi la taifa hukaa Dar es Salaam. Mwalimu wa ngoma anaweza kurudi Karema.

Nilisoma pale miaka mitatu. Ulikuwa huwezi kusema mimi ni Mbende nitacheza ya Kibende tu. Ulijifunza ya Wamakonde, ya Wazaramo, ya Wagogo, na Mmakonde naye alihangaika na bugobogobo ya Wasukuma mpaka jembe likamtoka mkononi. Kila mwaka, tangu 1982, kulikuwa na tamasha, na wananchi wa Bagamoyo walikuja na watoto wao. Sweden ilisaidia sana Chuo kile. Sina neno baya juu ya Waswidi. Lakini hata tukiwa wanafunzi tuliona kwamba mgeni akitoa fedha kulikuwa na kazi, na asipotoa kulikuwa na barua ya kwenda wizarani na kungoja jibu. Utamaduni wenyewe ulikuwa ukihamishwa kutoka wizara hii hadi ile: mara uko pamoja na vijana, mara na elimu, mara na habari, mara na michezo. Kila ulipohama, ulifika umechelewa na kukuta viti vimekwisha.

Mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi wa maonyesho wa Chuo. Nilikuwa kazini mbali, na habari ilinifikia kwa simu. Niliweka simu chini nikakaa kimya kama mtu aliyefiwa. Ukumbi mpya, mkubwa zaidi, ulijengwa kwa msaada wa nchi za Skandinavia. Nilipouona nilifurahi, kisha nikafanya hesabu moja ya kijinga ambayo sijaweza kuiacha: nilihesabu taa. Nikajiuliza, taa hizi zikiungua, nani atanunua nyingine? Mwenye msaada alikwisha kukata utepe na kurudi kwao.

Mwaka 2007 Chuo kikageuzwa kuwa wakala wa Serikali kwa Sheria ya Wakala ya 1997, na jina likawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Maana yake nini? Maana yake taasisi inaongozwa na Mtendaji Mkuu anayepimwa kwa kazi, ina bodi ya kuishauri wizara, inaruhusiwa kutoza ada na kukodisha ilicho nacho, na inatazamiwa kujitafutia sehemu ya fedha zake. Wako wenzangu waliolia kwamba sanaa imeuzwa. Mimi sikulia. Mtu aliyewahi kungoja miezi minne apate idhini ya kununua ngozi ya ngoma hawezi kuudharau uhuru wa kutumia fedha ulizozipata mwenyewe. Lakini uhuru huo una upande wa pili, na lazima tuuseme. Nyumba inayotakiwa kujitafutia fedha itawatazama kwanza wenye fedha. Mtoto wa mvuvi wa Karema hayumo katika kundi hilo, hata kama anajua kupiga ngoma kuliko mimi na ninyi. Kwa huyo, ama umma unalipa ama haji.

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaosema kwamba sanaa ikiwa nzuri itajilipia. Sawa. Mwimbaji wa siku hizi mwenye wimbo unaopigwa kila mahali atajilipia. Mfuko wa Utamaduni, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Sweden, leo unatoa mikopo kwa wasanii, na kwa mtu mwenye kitu cha kuuza mkopo ni jambo jema. Lakini nani atakopa ili kumfundisha mtoto wa Inyonga ngoma ya babu yake? Atalipa deni kwa nini? Maktaba hatuiambii ijilipie. Uwanja wa mpira hatuuambii. Zahanati ndiyo kabisa. Ukumbi wa maonyesho tu ndio tunaoutazama kwa jicho la duka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Wilaya sitaitaja, yatosha kusema si hii. Nilikuwa Afisa Utamaduni huko, na kwa msaada wa watu wema tukapata ukumbi. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa na jukwaa la mbao, vyumba viwili vya kubadilishia nguo, na choo chenye maji, ambalo lilikuwa ndilo ajabu lenyewe. Mwaka wa kwanza tulikuwa na kikundi cha vijana kumi na wanane, wengi waliomaliza darasa la saba. Walifanya mazoezi Jumanne na Ijumaa. Kijana mmoja alikuwa mpigaji wa ngoma ambaye sijaona mfano wake tangu nilipotoka Bagamoyo. Alikuwa akisikia ngoma ya kabila lolote mara mbili tu, mara ya tatu anakurudishia.

Mwaka wa pili taa ziliungua. Nikaandika barua. Katika makadirio ya matumizi kasma ya utamaduni ilikuwapo, na fedha zilikuwapo, kwenye karatasi. Niliambiwa nisubiri robo ya mwaka inayofuata. Robo iliyofuata akaja mgeni rasmi, na kasma ikapata uhai ghafla: vijana wakachukuliwa kwa lori, wakasimama juani tangu saa mbili asubuhi, wakacheza dakika nne, wakapewa soda. Fedha za taa zilikwisha siku hiyo. Sikuona mwizi pale. Hesabu zote zilikuwa na stakabadhi.

Mwaka wa tatu ilipatikana shehena ya mbolea, na bohari ilikuwa imejaa. Nikaombwa ukumbi kwa wiki mbili. Mkubwa wangu hakunilazimisha. Aliniita ofisini, akaniagizia chai, akaniuliza kwa upole: "Ndugu, kwani una onyesho wiki hii?" Sikuwa na onyesho. Nilikuwa na mazoezi, na mazoezi hayaandikwi popote. Nikaleta ufunguo, nikasaini hati ya makabidhiano. Mimi mwenyewe ndiye niliyesaini. Baada ya mbolea ikaja saruji, baada ya saruji mahindi. Vijana walipokuja kuuliza, waliambiwa ufunguo yuko nao mtunza bohari, na mtunza bohari yuko likizo. Wakafanya mazoezi chini ya mwembe mpaka mvua zilipoanza. Mvua zilipokwisha hapakuwa na kikundi. Yule mpigaji ngoma nilimkuta miaka mingi baadaye kwenye stendi, anapakia mizigo juu ya basi. Alinisalimu kwa heshima. "Shikamoo mwalimu." Akaniuliza kama ule ukumbi bado upo.

Nikamwambia upo.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nimejifunza kwamba sisi hatukuwa wa kwanza. Nairobi kuna Jumba la Maonyesho la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1952, likiwa chini ya baraza lililoundwa kwa sheria ya kikoloni ya 1951. Kenya ikapata Uhuru mwaka 1963. Mwaka 1976 nchi ile ilikuwa inatayarisha michezo miwili ya kupeleka Lagos kwenye tamasha la Waafrika duniani, FESTAC: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Walipoomba jumba, walikuta kalenda imekwisha kujaa michezo ya kigeni. Wakapewa siku chache. Miaka kumi na mitatu baada ya bendera kubadilishwa, Wakenya walikuwa wageni katika jumba lenye jina la taifa lao. Hakuna aliyewapiga marufuku. Kalenda ilikuwa imejaa, basi.

Jumba la Kampala lilifunguliwa mwaka 1959, nalo lilipata msiba mkubwa zaidi. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, kiongozi wake wa sanaa, alikuwa ametoka tu Lagos kwenye FESTAC na mchezo wake, akakamatwa na watu wa utawala wa Amin, akauawa. Hilo si suala la kasma wala bodi. Ni dhuluma, na nimelitaja ili tusije tukasema kwa wepesi kwamba Serikali ishike kila kitu. Baada ya hayo, Kituo cha Utamaduni cha Uganda kwa miaka mingi kimeishi zaidi kwa kodi: maduka ya vinyago nyuma, ofisi ndani. Kodi imekifanya kisimame. Kodi hiyo hiyo ndiyo iliyowapa watu fikra ya kwamba kiwanja kile katikati ya mji kingefaa zaidi kwa jengo refu la biashara, na wasanii ikawabidi wapige kelele ili jumba lisivunjwe.

Wala msidhani matajiri wanajua hesabu kuliko sisi. Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102, na sehemu kubwa ililipwa kwa bahati nasibu. Mweka Hazina wetu asishike kichwa. Sisi hatuna opera.

Tuna nini basi? Tangu 2012 tuna mkoa wetu wenyewe, Katavi, baada ya miaka ya kuwa mkia wa Rukwa. Tuna Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, na Wasukuma waliofuata malisho, wakaja na ngoma zao na ushindani wao wa Wagika na Wagalu. Tuna Katumba na Mishamo. Wazazi wa wale vijana wa Katumba walikimbia Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa kwao. Mwaka ule ule UNESCO iliandika ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kijana wa Katumba anayepiga ngoma ile leo, anapiga ngoma ya nchi gani? Mimi jibu langu ni kwamba anapiga ngoma ya Mpanda, na ningependa apige ndani ya ukumbi wetu. Wengine mnaweza kuwa na jibu jingine. Ukumbi ni mahali pazuri pa kubishania.

Na tuna reli. Mnaijua historia yake: ilifika hapa mwaka 1950, kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli haikung'olewa, kwa sababu wakati huo watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kuipanda na mahindi yao na kuku wao.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kura ya jioni hii isiwe juu ya matofali peke yake. Naleta hoja, na Katibu ananakala yake. Ukumbi ukodishwe, ndiyo, kwa harusi, kwa mikutano, kwa semina, kwa kila mwenye fedha na adabu. Lakini Jumatano na Jumamosi jioni ni za wanafunzi, na siku hizo zisiuzwe wala zisiazimwe, hata kwa mgeni rasmi, hata kwa wiki mbili. Neno "mazoezi" liandikwe kwenye kalenda kwa wino kama linavyoandikwa neno "harusi". Katika kila shilingi ya kodi, senti thelathini ziende kwenye akaunti ya paa na taa, isiyoguswa kwa jambo jingine lolote, na hesabu yake ibandikwe ubaoni kila muhula ili hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aisome. Kamati iwe ya watu saba: watatu kutoka kwetu na kutoka kwa walimu, mmoja kutoka halmashauri, mmoja kutoka vikundi vya ngoma vya mjini, na wawili wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Halmashauri tuiombe fedha kila mwaka, kwa barua na kwa miguu, angalau za umeme na za posho ya mwalimu mmoja wa sanaa, kwa sababu watakaofundishwa humo ni watoto wa wananchi wanaolipa ushuru wa halmashauri hiyo. Wakitupa kidogo tuwashukuru, na mwaka unaofuata turudi.

Mzee mmoja ameniuliza asubuhi, nje pale, kama ni busara kuwapa watoto ufunguo. Alikuwa na hofu ya viti kuvunjwa. Vitavunjwa, mzee wangu. Sisi tulivunja meza za bwalo na tulilipa kwa kukata kuni mwezi mzima. Funguo ziwe mbili: mmoja kwa mwalimu wa zamu, mmoja kwa mwenyekiti wa kikundi cha sanaa cha wanafunzi, na pawe na daftari la kusaini. Mtu akija siku moja kwa upole, na chai, akauliza kama kuna onyesho wiki hii, ufunguo wa pili uwe mikononi mwa kijana ambaye hajajifunza bado kuogopa kusema hapana.

Hoja inahitaji mtu wa kuiunga mkono. Naona mikono miwili kule nyuma, lakini nadhani hiyo ni ya kuuliza chakula.